Laini ya Ndoano na Laini ya Watu

Neno la kwanza la Kiingereza nililojua nilifundishwa kwa fimbo. Mwalimu alisimama mbele ya madarasa yetu ya udongo, pale Katito, akapiga kelele, "Laini!" Nasi tukakimbia kujipanga mmoja nyuma ya mwingine, mkono begani mwa aliye mbele. Aliyechelewa alichapwa miguu. Aliyetoa kichwa pembeni kuangalia mbele kuna nini alichapwa pia. Kwa muda mrefu nilidhani maana ya neno hilo ni kwamba fimbo inakuja.

Shule sikukaa sana. Nilifika darasa la tatu, baba akasema msichana akijua kuandika jina lake imetosha. Vitabu nikaviacha, lakini lile neno halikuniacha. Kila nilipohamia nililikuta limeshafika, limevaa nguo nyingine, linajifanya halinijui. Mtu akiwa hivyo, leo mchungaji, kesho polisi, keshokutwa anauza viatu, mimi simwamini. Hata neno siliamini.

Shangazi yangu aliolewa na mfanyakazi wa reli mjini Kisumu. Akaja kunichukua nikamlelee watoto. "Sisi tunakaa laini," akaniambia njiani, kwa maringo, kama mtu anayesema anakaa ikulu. Nilifika nikaona safu za nyumba zinazofanana, mlango kuangalia mlango, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Ukikohoa jirani anakwambia pole. Nyuma ya nyumba ndipo ilipopita laini yenyewe, ile ya chuma. Mume wa shangazi akirudi kazini analalamika kwamba bosi anawataka wote wakae kwa laini, na hapo alimaanisha wanyamaze. Akitaka kuongea na ndugu yake Nairobi anaenda posta, anarudi amekasirika, laini imekufa. Mimi nasikiliza tu. Neno moja, na kila mtu analitumia kumfungia mwenzake mlango.

Laini niliyoijua vizuri ni ya mferejini, kwenye bomba la maji. Mfereji mmoja, wanawake wengi. Huwezi kusimama asubuhi nzima, kwa hivyo unaacha debe lako likusimamie. Ukienda kugeuza ugali ukirudi, debe limesogea nyuma lenyewe. Ukiuliza, hakuna aliyeona. Wote wanaangalia juu kama wanangoja ndege ya Nairobi. Shangazi alinifundisha kuangalia ndoo ya nani imesogea mbele, halafu ninyamaze, nikumbuke. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mpaka mwisho.

Mume wangu nilimpata kwenye duka la Mhindi aliyeuza vifaa vya uvuvi. Nilitumwa sindano na uzi. Yeye alikuwa amesimama pale kaunta anajaribu ndoano moja moja kwenye ukucha wa kidole gumba. Ile isiyokwaruza ukucha aliirudisha. Mhindi amechoka naye.

"Bwana, wewe nunua ama wacha."

"Nanunua, lakini sinunui butu. Naunda laini."

Nikacheka. "Laini ya wapi? Ya kwenda Nairobi?"

Akageuka kuniangalia. "Ya mbuta. Hujawahi kuona laini ya mbuta? Wewe ni mtu wa ziwa kweli?"

"Mimi ni wa Katito. Sisi tunaona ziwa kwa mbali."

"Basi njoo uone kwa karibu," akasema, na Mhindi naye akacheka.

Niliolewa kwenye bichi moja, kijiji cha wavuvi ufukweni, upande wa Bondo. Sitaitaja, kwa sababu watoto wa watu wale bado wanakaa pale na hawajanikosea. Wazazi wao ndio walinikosea, nami nitawataja kwa vyeo vyao, hata kama majina nayaacha. Kuna mwenyekiti wa bichi. Kuna nahodha. Kuna shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Hao watatu. Ukitaka kujua nani alinifukuza pwani ile, ni hao.

Laini ya mbuta, yule samaki mkubwa ambaye wengine humwita sangara, ni kamba ndefu, na kwenye hiyo kamba zinaning'inia nyuzi fupi, kila uzi na ndoano yake. Inatandikwa ziwani jioni, inatolewa asubuhi. Ikiwa nchi kavu inakaa kwenye karai: kamba imezungushwa katikati, ndoano zimechomekwa mfuatano kwenye mpira uliofungwa ukingoni. Ukikosea kuipanga, siku ya kuimwaga ziwani itashika mkono wa mtu. Mwanamke hapandi boti ya uvuvi, lakini kupanga karai ilikuwa kazi yangu. Nilipanga nikiwa mjamzito, nikapanga na mtoto mgongoni. Ili laini isizame yote, mume wangu alifunga vipande vya patipati kuukuu viwe maboya. Kila nyumba ilikuwa na alama yake. Yetu ilikuwa pengo upande mmoja, kama sikio la mbuzi lililokatwa, na patipati zilikuwa za buluu kwa sababu nilivaa buluu. Zikiisha soli, naenda peku, zenyewe zinaenda ziwani.

Aliugua kifua. Tulimpeleka hospitali kwa gari la samaki, akiwa amelala juu ya magunia. Tulipangwa laini ya kumwona daktari. Alikufa tukiwa bado kwenye laini hiyo, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na watu wa nyuma wakaanza kuniuliza kama nitaondoka ili wasogee. Nasema jinsi ilivyokuwa.

Baada ya mazishi shemeji alianza kuja nyumbani. Kwetu mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu, na kabla hajarithiwa kuna mambo mengi hawezi kufanya. Haingii nyumba za watu. Hashiki mbegu ya mtu, hashiki chombo cha kazi cha mtu. Akiingia kwako, umeingiliwa na kifo. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa, nikakataa kurithiwa. Lakini sitajifanya ilikuwa kanisa tu. Shemeji akija kuniongelesha habari ya ndoa alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia karai.

"Shemeji, mambo ya nyumba hii lazima yanyooke," akasema.

"Yamepinda wapi?"

"Unajua. Watu wanaongea."

"Watu gani?"

Alivuta karai lile kwa mguu, kidogo tu, kama anayeangalia uzito. Nikalivuta nikalirudisha.

Nahodha wa boti alikuwa amevua na mume wangu miaka mingi. Alikuja kunipa pole, akalia kweli, nikamwona machozi. Akasema, "Nyar Katito, mimi nitakuvulia. Laini ibaki yako, tugawane samaki kama zamani." Nyar Katito ndivyo walivyoniita, msichana wa Katito. Hata uzeeke pale, wewe bado ni wa kule ulikotoka. Nikakubali. Wanawake wenzangu walifurahi, na furaha yao ikanifanya mjinga. Jirani yangu, rafiki wa karibu kuliko wote, yule tuliyekuwa tunakaanga samaki pamoja, akaniambia, "Umepata bahati. Wengine hawaombwi, wanachukuliwa."

Samaki walianza kuja vizuri. Halafu wakapungua. Halafu nikawa naletewa wale wadogo, naambiwa ziwa limekuwa baya, huku kwenye mzani naona boti ile ile imeshusha mbuta wa kubebwa na watu wawili. Ndipo asubuhi moja nahodha akaja mikono mitupu.

"Mama, laini imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Ziwa limechukua."

"Limechukua na maboya yote?"

Akakuna shingo. "Nyar Katito, usiniulize kama askari. Wewe unajua kwa nini. Mambo ya nyumba yako hayajanyooka. Ziwa halipendi."

Niliyasikia maneno hayo nikajua yametoka kwa mdomo wa nani kabla ya kufika kwake. Nilimwangalia. Mvuvi aliyepotelewa na laini anarudi majini. Anafunga ndoano kubwa kwenye kamba, anaburura chini ya ziwa siku baada ya siku, anarudi amelowa mpaka kichwani, hasemeshwi. Huyu nguo zilikuwa kavu, na pumzi yake ilinuka chai ya maziwa.

Nikaanza kuangalia. Sikuuliza mtu. Niliangalia nani anapunguza sauti nikipita. Niliangalia shemeji, jinsi alivyoacha ghafla kuja kuniposa. Mwanamume akikutaka na siku moja akaacha, basi amepata alichokuwa anataka. Niliangalia nahodha akinunua nyuzi mpya. Nilimwangalia hata jirani yangu, alipoanza kupata samaki wa nahodha kabla ya wengine wote, na yeye akaona ninavyomwangalia, akaanza kupika ndani.

Kitu nilichokitafuta nilikikuta kwenye njia ya kwenda kisimani, inayopita kando ya boma la mama yake nahodha. Mama huyo alikuwa ametengenezewa mlango mpya wa banda la mbuzi. Kwetu bawaba ya mlango wa banda hainunuliwi. Unakata mpira wa patipati, unapigilia misumari. Hizo bawaba zilikuwa za buluu, na moja ilikuwa na pengo upande mmoja, kama sikio la mbuzi lililokatwa.

Nilisimama pale na mtungi kichwani. Hapo nikaelewa waliofanya kazi hiyo walikuwa na akili. Mahali pote pa kuficha, wamechagua nyumba ya mama mzee. Mimi ni mjane ambaye hajarithiwa. Siwezi kupiga hodi pale, siwezi hata kuingia uani kuomba chumvi. Nikiingia, nimeleta kifo, na bichi nzima itasahau habari ya ndoano izungumze habari ya miguu yangu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa bichi.

Huyu mtu lazima nimweleze. Huo ulikuwa wakati nchi nzima imepigishwa kura kwa laini. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unayemtaka, mtu wake anasimama ameshika picha yake, na wewe unapanga nyuma yake, mchana, kila mtu anakuona. Naibu wa chifu anapita polepole akiangalia sura, na anayekununulia samaki anajua, na aliyekukopesha jembe anajua. Mahali nilipokuwa niliona laini fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Waliokuwa kwenye ile ndefu waliangaliana, wakafunga midomo, wakaenda nyumbani. Mwenyekiti wetu alikuwa pale siku hiyo akisaidia kupanga watu kwa fimbo. Aliupenda mchezo huo kuliko pombe. Aliporudi bichi, kila kitu kikawa laini. Kuchagua kamati, laini. Kuamua nani atachinja ng'ombe wa Krismasi, laini. Mtu na mkewe waligombana, akataka kuwapangia watu laini, wazee ndio wakamwambia, "Bwana, hapo sasa umezidi."

Nilimweleza yote. Akanisikiliza akila karanga.

"Una shahidi?"

"Mlango wa mbuzi."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Yawa! Mama anataka mbuzi waje kutoa ushahidi!" Halafu akajipangusa mdomo. "Mama, umeshtaki mtu mkubwa wa bichi hii. Siwezi kuamua peke yangu, mtasema nimependelea. Watu wenyewe wataamua. Tutapanga laini."

"Mwenyekiti, mimi sitaki kura. Nataka twende tuangalie kwenye nyumba ile."

"Tukianza kuangalia nyumba za watu, tutaishia wapi?" Alisema kwa upole sana. "Anayekuamini wewe atasimama nyuma yako. Anayemwamini yeye atasimama nyuma yake. Ukishinda, atakulipa laini yako yote. Ukishindwa, umemchafulia mtu jina, utatuachia bichi yetu. Hiyo si haki?"

Nilijua si haki. Lakini nilikuwa na watoto wawili, na kile kilichokuwa kwenye karai ndicho kilichokuwa kinawalisha. Ningekataa, ningekuwa nimeiacha laini ya mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema sawa.

Siku ilipofika, mwenyekiti alitangaza kwamba hakuna kubaki nyumbani. Atakayebaki anaficha mwizi. Akatuma vijana wawili wenye nguvu wapite boma kwa boma, wawatoe hata wagonjwa. Waliletwa wazee na viti vyao. Mama yake nahodha aliletwa akiegemea fimbo, analaani vijana hao kwa kumharakisha. Wanangu nilikuwa nimewapeleka asubuhi kwa mke wa mchungaji, aliyekaa kule barabarani, kwa sababu sikutaka waone.

Nikaambiwa nisimame karibu na boti iliyopinduliwa. Nahodha akasimama karibu na mzani. Kati yetu mchanga mtupu.

"Haya, jipangeni!"

Aliyefika kwanza nyuma yangu alikuwa jirani yangu. Nilihisi pumzi yake shingoni. Nikaona aibu kwa vile nilivyokuwa nikimwangalia. Baada yake wakaja wanawake wa omena, karibu wote, wale tunaoanika dagaa hao pamoja. Wakaja wanaume waliowahi kuibiwa nyavu. Nikageuza kichwa, laini yangu ilikuwa imepita mti wa mwisho. Ya nahodha ilikuwa na shemeji mbele, mama mzee, watu wa boti yake, na wengine wachache wanaotafuta kivuli. Nilisema moyoni, kumbe watu wameona.

Nahodha hakukasirika. Alikuwa mtu wa sauti ndogo.

"Mama zangu," akasema, "leo jioni boti zitarudi na samaki. Kesho pia. Mimi sina neno na mtu. Nawaangalia tu mlikosimama, nisije nikasahau."

Akatabasamu, akaanza kuwataja wanawake kwa vijiji vya kwao, mmoja mmoja, kama anayewasalimia. Nyar Alego, habari yako. Nyar Gem, nakuona. Nyar Sakwa, mtoto amepona?

Wa mwisho ndiye aliyetoka kwanza. Alijifanya anaenda kumfuata mtoto, akavuka mchanga, akatokea upande wa pili. Halafu wawili pamoja. Halafu wakaacha kujifanya. Walipita mbele yangu wameinamisha vichwa, kanga zao zinagusa miguu yangu. Sikumwita hata mmoja. Wanaume waliokuwa wameibiwa nyavu walivuka wakiongea kwa sauti juu ya mvua.

Pumzi ya jirani yangu bado ilikuwa shingoni.

"Nyar Katito," akaninong'oneza. "Nina watoto. Utaelewa."

"Sielewi."

"Basi usielewe. Lakini usinichukie."

Na yeye akavuka. Nilisikia shingo yangu imepoa.

"Shemeji!" ndugu wa mume wangu akapaza sauti kutoka mbele ya laini ile. "Hata nzi hawajakusimamia!"

Bichi nzima ikacheka. Walicheka kwa kufurahi kwamba wamepona.

Mwenyekiti hakuridhika na kicheko. Yeye alitaka hesabu. Laini ilikuwa inaonekana, upande mmoja watu wote, upande mwingine mwanamke mmoja, lakini lazima ahesabu, ndiyo utamu wake. "Mtu asitoke kwenye laini mpaka nimalize!" akapiga kelele. "Atakayetoka, huyo ndiye mwizi!" Akaanza mbele, anagusa kila kichwa kwa fimbo, anataja namba kwa Kiingereza. Mtoto mmoja akasogea, mwenyekiti akapoteza hesabu, akarudi mwanzo. Akaanza tena polepole zaidi.

Mimi sikuwa na mtu wa kuhesabiwa. Hakuna aliyeniangalia. Nilitazama juu, kwenye kilima chenye nyumba zetu, na hapakuwa na moshi hata kwenye paa moja. Hapakuwa na mtu uani. Mwenyekiti alikuwa amewatoa wote, akawafunga kwa laini.

Nikaanza kutembea. Sikukimbia. Nilitembea kama mtu anayeenda kujisaidia, na aibu yangu ilinisaidia, kwa sababu walinipa mgongo.

Kwenye boma la mama yake nahodha mbuzi walinilalamikia. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa tu. Hapo nilisimama, na nitasema ukweli, niliogopa. Nilikuwa mtu wa kanisa, lakini nilizaliwa kabla ya kubatizwa. Mguu wangu haukutaka. Nilimfikiria mama mzee yule, ambaye mimi binafsi sikuwa na ugomvi naye. Halafu nikafikiria kwamba walihesabu woga wangu kama walivyohesabu kila kitu kingine, wakaufanya ndio kufuli. Nikaingia.

Karai lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa gunia, na juu ya gunia ungo. Nusu ya maboya yalikuwa yamekatwa. Mengine bado yalikuwa na sikio. Ndoano zilikuwa zimechomekwa ovyo, mtu asiyejua amezipanga, moja ikanirarua mkono nilipolivuta. Nilijitwika damu ikiteremka mpaka kwenye kiwiko.

Kulikuwa na njia ya nyuma, ya kutokea barabarani bila kuonekana. Niliiona. Nikashuka ya mbele.

Mwenyekiti alikuwa bado anahesabu, amefika katikati. Nilipita kati ya boti na mzani, juu ya ule mchanga mtupu, mbele ya watu wote, na karai kichwani, maboya ya buluu yananing'inia kama hereni. Hakuna aliyetoka kwenye laini. Fimbo ilisimama hewani. Nahodha angesema nini? Mwizi? Wa kitu gani?

Mama yake ndiye aliyelia. "Ameingia nyumbani kwangu! Huyu mwanamke ameingia nyumba yangu!"

"Ametoka na nini, mama?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma ya laini. Sikugeuka kuona ni nani.

"Mama, nyamaza," nahodha akasema.

"Sinyamazi! Amefika mpaka chini ya kitanda!"

"Mama! Nyamaza!"

Sasa kila mtu alikuwa ameangalia karai na kila mtu alikuwa ameyaona masikio. Nilisimama mbele ya mwenyekiti. Nilimpa nafasi. Mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka vile, na fimbo yake juu, akiniangalia, akiangalia karai, akiangalia laini ndefu aliyoipanga mwenyewe.

"Laini ndefu imeshinda," akasema. "Mama, utatuachia bichi yetu."

Na hakuna aliyetoka kwenye laini.

Nilichukua wanangu kwa mke wa mchungaji tukapanda gari siku hiyo hiyo. Tulikaa kwa shangazi kidogo, Kisumu, nikiuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani wakishatoa nyama ya kupeleka Ulaya. Watu waliniambia niuze laini, nipumzike. Sikuiuza. Nilikata patipati mpya, nikapanga ndoano upya kwenye uchochoro wa laini za reli, majirani wakinishangaa.

Nahodha alikufa miaka ya tisini, kwa ule ugonjwa uliokuwa unawamaliza watu wa bichi. Shemeji alikufa baadaye kidogo, alikonda kwanza. Jirani yangu pia alikufa, na yeye nilimlilia, ingawa nilikataa kwenda matanga. Mwenyekiti alizeeka. Wengi waliopangwa siku ile hawapo tena. Mchungaji aliwahi kuniambia nisamehe kwa kuwa wameshakwenda. Nilimuuliza kama kuna mmoja aliyewahi kuniomba. Akabadilisha mazungumzo. Huyo mchungaji naye namwangalia.

Nilihamia Port Victoria. Kule watu wengi ni Wanyala, lugha yao siyo yangu, tulisemeshana Kiswahili chetu cha kuungaunga, na habari za kurithiwa kwangu hazikuwahusu. Nikapata nahodha mwingine, kijana mpole, anayeimba kwaya. Wote walimsifu. Kila asubuhi nilikuwa nimesimama ufukweni kabla ya boti yake kugusa mchanga. Jua, mvua, mtoto mgonjwa, nilikuwepo. Baada ya muda ilimchosha.

"Mama," akaniambia siku moja, akiwa bado ndani ya boti, watu wake wakisikia. "Tumefanya kazi na wewe mwaka huu wote. Nimewahi kukuibia?"

"Bado."

Watu wake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hivyo huniamini."

"Sikuamini," nikasema. "Teremsha karai nione."

Akaliinua, akashuka nalo majini mpaka magotini, akaliweka mbele ya miguu yangu, nami nikainama nikaanza kupitisha kidole kwenye ukingo, nikihesabu ndoano moja moja.